Kazi Niliyopewa Uingereza

Ijumaa, tarehe tisa Januari, nilikuwa nikisugua birika kwa siki. Maji ya Riyadh huacha chokaa kwenye kila chombo kinachochemshiwa, na mtu anayeishi peke yake hukosa hata wa kumlaumu kwa uchafu wa birika. Nilikuwa nimevaa dera kuukuu, na dirisha la jikoni linalotazama ua wa jirani, pale Al-Naseem, nilikuwa nimelifunga kwa sababu ya vumbi. Simu ilipotoa mlio mfupi wa ujumbe nilijifuta mikono bila haraka nikidhani ni hospitali. Ilikuwa picha kutoka kwa binti yangu.

Ilikuwa picha ya kipeperushi. Yeye yuko katikati, amevaa koti la buluu nisilolijua, anatabasamu lile tabasamu lake la kufunga midomo. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza na hayakuzidi mistari michache: kwamba anaomba wanachama wa chama chake wamteue kuwa mgombea wa udiwani katika mji anaoishi; kwamba anazijua nyumba zenye baridi na kodi zinazopanda kila mwaka; na kwamba mama yake amesafisha nyumba za matajiri Saudi Arabia ili yeye apate kusoma.

Niliusoma mstari ule wa mwisho mara mbili. Kisha niliiweka simu mezani, uso chini, nikarudi kwenye birika na kulisugua hadi likang'aa.

Mimi ni mtaalamu wa lishe. Nina shahada ya chuo kikuu cha Nairobi, na tangu binti yangu alipokuwa na miaka kumi na mitatu nimekuwa nikifanya kazi katika hospitali za binafsi, kwanza Jeddah na sasa Riyadh, nikipanga vyakula vya wagonjwa wa figo na wa kisukari. Ni kazi ya utulivu. Nakaa na jamaa wa mgonjwa, nawaeleza ni tende ngapi zitamdhuru na wali kiasi gani hautamdhuru, nawashauri wale pamoja naye ili asijione ametengwa kwenye sinia. Baada ya hapo narudi nyumbani na kula nimesimama, karibu na jiko, kwa kuwa kumtandikia meza mtu mmoja kumekuwa kukinichosha kuliko kupika.

Yanipasa kueleza pia jambo ambalo kila Mkenya wa huku analijua. Mwanamke mweusi kutoka kwetu, katika miji hii, ana kazi moja tu akilini mwa watu. Nikiingia chumba cha mgonjwa na faili mkononi, hutokea mtu akanipa sinia lenye vyombo vichafu. Walinzi wa majengo hunielekeza mlango wa nyuma. Kuna mama mmoja aliyenikabidhi mjukuu wake nimshike wakati nikimweleza binti yake habari za chumvi. Nilimpokea mtoto, nikampakata, nikaendelea kueleza, na mtoto alipotulia, bibi yake akanisifu kwamba nina mkono mzuri wa watoto. Sikosi adabu kwa watu hawa, wala hawajanikosea adabu kwa makusudi. Nimejifunza tu kukitaja cheo changu kwa Kiarabu mapema, kabla salamu hazijaisha, kama vile mtu anavyowasha taa kabla ya kuingia chumbani. Sikutazamia kwamba ingenibidi kuiwasha taa hiyo hadi Uingereza.

Binti yangu alipiga simu jioni ile ile.

"Mama, umeiona?"

"Nimeiona."

"Ile sentensi sikuiandika mimi."

Nilimwacha aeleze. Alisema walikuwa nyumbani kwa mwanachama mmoja, watu wachache na chai, akijieleza. Bibi mmoja alimwuliza wazazi wake wako wapi. Akajibu kwamba baba yake alifariki, na mama yake yuko Riyadh, anafanya kazi huko. Basi. Bibi yule akaweka mkono kifuani, akasema maskini, kazi ile ni ngumu mno, amesoma habari za wanawake wale. Binti yangu akafungua kinywa amsahihishe. Hapo akaziona nyuso za chumba kizima, zilizokuwa zimefungwa tangu aanze kuzungumza, zikifunguka moja baada ya nyingine. Akakifunga kinywa chake. Kesho yake kijana anayemsaidia kampeni akaandika kipeperushi.

"Nyuso zilikuwa zimefungwa kwa nini?" nikamwuliza.

"Kwa sababu ya sauti yangu. Huku shule ndiyo kabila, Mama. Nikisema neno moja tu, wanasikia ada."

Hilo nalijua, kwa kuwa ada hiyo niliilipa mimi. Baba yake, mume wangu, alizaliwa Uingereza wakati wazazi wake wakifanya kazi huko, na jambo kubwa alilomwachia mtoto wake ni uraia. Jambo kubwa aliloniachia mimi baba yangu ni nyumba ya ghorofa mbili Mombasa, yenye maduka chini na wapangaji juu. Baba alikuwa wakala wa forodha, lakini kiwanja hakukinunua. Alikipata kwa shangazi yake, aliyekipata kwa mumewe. Katika mirathi nyumba ikaniangukia mimi. Mume wangu alipofariki niliiuza, binti yangu akaenda shule ya bweni ya wasichana Uingereza, yenye viwanja vya magongo na kanisa la mawe, nami nikaja huku ili mshahara uzibe pale ambapo bei ya nyumba isingefika. Nilidhani nanunua elimu. Nilichonunua zaidi ni matamshi, na mkao, na ile hali ya kuingia mahali pa watu bila kutafuta kwanza kiti cha nyuma. Mambo hayo hayawezi kurudishwa dukani. Sasa yalikuwa yakimponza.

Nilimwuliza juu ya mshindani wake. Akacheka kidogo. Ni kijana wa rika lake, babu yake alikuwa mbunge, mjomba wake ni mbunge, na familia ina mashamba ambayo hata wao hawajui mipaka yake. Lakini kila mkutano huanza kwa kueleza kwamba baba wa babu yake aliuza samaki kwa mkokoteni.

"Na wanamwamini?"

"Ni kweli, Mama. Aliuza samaki kwa mkokoteni."

Tulicheka pamoja, na kwa muda mfupi nilihisi kama yuko chumba cha pili. Kwetu, mgombea huja na magari na kuwahesabia watu ukoo wake mkubwa. Riyadh, jina la familia likitajwa, mlango hufunguka wenyewe. Waingereza ndio peke yao niliowaona wakirithi nyumba na mashamba kisha wakavificha kama mtu anavyoficha upele. Wanapopanda jukwaani hushindana nani ametoka chini zaidi, na asiye na umaskini wa karibu huutafuta kaburini, kwa babu wa babu. Nimefikiri sana kwa nini. Nadhani nchi ile inahitaji kuamini kuwa ngazi bado iko ukutani, na kila anayesimama kuomba kura hana budi kuonyesha ngazi aliyopandia. Hata kijana yule wa mashamba, aliniambia binti yangu, alikipenda kipeperushi chake. Alimshika mkono akamwambia kisa cha mama yake kimemgusa. Sikushangaa. Akishindwa na binti wa mtumishi, ngazi imethibitika. Akimshinda, imethibitika vilevile, kwa kuwa alau alifika mpaka pale.

Kabla hatujaagana akasema kuna jambo dogo. Wangependa picha yangu.

"Picha gani?"

"Ya kawaida tu. Jikoni. Bila lile koti jeupe la hospitali."

Nilimwambia nitaangalia.

Nina rafiki mmoja Riyadh ambaye naweza kumweleza jambo kama hilo, mwanamke wa Nakuru anayefanya kazi za ndani katika nyumba moja ya Al-Malqa. Tulikutana hospitalini, alipomleta bibi wa nyumba ile kliniki. Kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini, humruhusu kutoka Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri, bahati ambayo wenzake wengi hawana, na yeye, ambaye ni Mkristo, husema kwa mzaha kwamba anaiombea Ijumaa kuliko Waislamu wote wa mtaa. Huniita mama London, ingawa binti yangu hajawahi kuishi London.

Ijumaa iliyofuata alivua baibui mlangoni, akaketi, akanyoosha miguu, nami nikamwonyesha kipeperushi. Alisoma polepole. Nilitazamia aseme pole. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Karibu kazini, mama London. Kibali chako, ile ikama, kiko sawa? Madam wako anakupa simu?"

Nikamweleza habari ya picha. Hapo macho yake yakang'aa. Akainuka, akaingia jikoni kwangu, akajifunga kitambaa kichwani vile anavyofunga kazini, akashika ufagio na kugeuza uso kando, mnyonge kabisa.

"Nipige picha mimi. Mimi niko na sura ya kazi. Wewe hata ukishika ufagio utaonekana unauuza."

"Watajua si mimi."

"Watajuaje? Si kwao sisi wote ni mmoja?"

Nilicheka nami. Nakiri kwamba niliinua simu, na kwamba katika kioo cha simu picha ilikuwa nzuri: mwanga wa dirishani, kitambaa, mkono wenye alama ya kuungua kwa pasi. Ilikuwa picha ya kweli kabisa. Uongo ungeanza pale tu ambapo ningeituma. Rafiki yangu alikaa vile kidogo, akingoja. Kisha akaushusha ufagio akauegemeza ukutani, akaanza kufungua kitambaa.

"Msichana wangu yuko kidato cha tatu," akasema. "Anasema atakuwa wakili, atakuwa gavana, sijui nini. Akisimama siku moja, atakuwa amebakishiwa nini cha kusema?"

Hakusema kwa hasira. Aliniomba chai, akaanza kunieleza habari za harusi ya mtoto wa bosi wake. Hatukulizungumzia tena siku ile. Aliponiaga aliniambia nisimkaripie mtoto, watoto wa siku hizi wanapitia mengi, na nikabaki nimesimama mlangoni nikisikiliza lifti ikishuka.

Kilichoniuma sikuweza kukieleza hata kwake. Haikuwa aibu ya kazi yenyewe; naiona kila siku, naona mikono inayoifanya. Ni kwamba binti yangu alihitaji mama, akatazama aliyekuwa naye, akaona hafai, akaazima mwingine. Mama yule wa kipeperushini ana shida zinazoonekana. Mimi nilichonacho ni nyumba tupu yenye kiyoyozi, mshahara unaoingia kila mwezi, na miaka ya kumlea mtoto kwa simu. Upweke wa aina hiyo hauna picha. Hakuna chama kitakachopiga makofi kwa ajili yake.

Tangu alipoingia chuo kikuu tuna desturi ya kukutana Jeddah kila mwaka, kabla ya Ramadhani. Yeye huruka kutoka Uingereza, mimi kutoka Riyadh, tunafanya umra, kisha tunapumzika siku chache Kandara, mtaa niliokaa nilipofika nchi hii mara ya kwanza. Si mtaa wa fahari. Ni maduka ya masanduku na mablanketi, vyumba vya kupanga kwa usiku, vibanda vya wasafirishaji mizigo, wanaume waliokaa kwenye kingo za barabara wakingoja wasichokisema. Lakini mtu hupata humo chapati na maharage, na hakuna anayekutazama mara mbili. Binti yangu huupenda. Hunishika mkono tukivuka barabara, kama mtoto, ingawa amenipita urefu.

Mwaka huu, wakati likizo yangu imekwisha kuidhinishwa, alipiga simu kusema mkutano wa uteuzi umeletwa mapema kuliko ilivyopangwa na kila jioni yake imejaa. Atakuwa akigonga milango ya wanachama. Nilimwambia si neno. Likizo haikuweza kubadilishwa, nikaenda.

Mtu wa mapokezi, Myemeni wa makamo anayetukumbuka, alinipa ufunguo wa chumba cha vitanda viwili kama kawaida yetu, akauliza bibi mdogo yuko wapi. Nikasema anakuja. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Kwa siku zilizobaki nilijikuta nikipita mapokezi kwa haraka ili asiniulize tena. Makka nilikwenda peke yangu, nikaomba nilichokwenda kuomba. Niliporudi Kandara niliweka mkoba wangu na mtandio kwenye kitanda cha pili, kwa sababu kilikuwa kimetandikwa vizuri mno.

Nikiwa katika chumba kile ndipo alipopiga kijana wa kampeni. Aliniita kwa jina langu la kwanza, kama watu waliocheza pamoja utotoni. Ndiyo heshima ya kwao. Alikuwa mpole sana. Alizungumza Kiingereza cha polepole, neno kisha kituo, neno kisha kituo, na sauti ameipandisha kidogo, na ilinichukua muda kutambua kwamba hivyo ndivyo watu wengine wanavyozungumza nasi, na kwamba alikuwa akizungumza na mtumishi. Alisema wote wananivulia kofia. Alisema wangependa ujumbe mfupi kutoka kwangu usomwe mkutanoni, maneno yangu mwenyewe, yaliyo rahisi.

"Usijali makosa," akasema. "Makosa ndiyo yanayogusa."

Nilikuwa na sentensi yangu tayari, ile ninayoitoa kila siku kwa Kiarabu. Kuigeuza Kiingereza kusingenichukua hata pumzi moja. Sikuitoa. Kumsahihisha mtu yule kungekuwa kumvua nguo binti yangu mbele ya mgeni, na hilo mama hafanyi. Nilijibu ndiyo, asante, nitajaribu. Nilisikia sauti yangu ikiwa imepungua, maneno machache, taratibu, na nilipokata simu nilijua kwamba nilikuwa nimekitia saini kipeperushi kile. Yeye alinyamaza kwenye chumba cha watu, nami nimenyamaza kwenye simu, na kati ya vinywa viwili vilivyofungwa mtumishi yule wa kipeperushini amekuwa mtu kamili, ana binti, ana sauti, na sasa ataandika ujumbe.

Nilimpigia binti yangu nikamwambia yote. Alikuwa barabarani, nilisikia upepo.

"Unataka niseme nini?" nikamwuliza.

Nilimsikia akisogea mahali pasipo upepo.

"Usiseme uongo wowote, Mama. Sema kidogo tu."

"Na wakiniuliza kazi?"

"Hawatauliza. Wameshajua."

Nikamwuliza kwa nini anautaka sana udiwani huu, kazi ya vikao na malalamiko ya takataka. Nilitazamia jibu la kipeperushi. Akasema kwamba katika mji ule, tangu alipopanga kile chumba chake kidogo, ndipo mahali pa kwanza ambapo watu hugonga mlango wake wakimtaka yeye. Bweni alikuwa msichana wa Mombasa. Mombasa, akija likizo kwa ndugu zangu, alikuwa Mzungu. Kwangu alikuwa sauti. "Hapa nina watu, Mama. Nikishindwa, nitakuwa tena mtu aliyepanga chumba tu."

Yote aliyotaja yalikuwa matunda ya uamuzi wangu, na kila uamuzi niliufanya kwa ajili yake. Tuliagana kwa upole. Nilikaa ukingoni mwa kitanda changu huku nikitazama kile cha pili, na chini watu wa basi la Madina walikuwa wakipakia mizigo na kuitana kwa lugha tatu.

Nilirudi Riyadh, Ramadhani ikaingia. Kliniki hujaa siku zile; kila mgonjwa wa kisukari anataka ruhusa ya kufunga, nami huwaeleza kwa heshima wale wasiopaswa. Jioni nilifuturu na redio. Kijana wa kampeni alituma ujumbe kunikumbusha ujumbe wangu, kisha akatuma tena. Niliandika kwa Kiingereza karatasi moja, fupi, isiyo na uongo hata mmoja: kwamba nampenda binti yangu, kwamba maisha ya mbali ni magumu, kwamba nawaomba wamchague. Niliisoma nikaona imeandikwa na mama yule. Kila neno lake kweli, na jumla yake si mimi. Niliichana.

Rafiki yangu wa Al-Malqa hakuweza kuja Ijumaa mbili zile. Nyumba za mabosi Ramadhani hula watu wao. Nilimtumia ujumbe wa sauti nikamwuliza kama ningemtaja, bila jina. Akajibu kwa sauti vilevile, kwa ufupi, vyombo vikigongana nyuma yake: nimtaje, lakini niseme anapika vizuri kunishinda.

Mkutano ulikuwa wa Jumamosi. Jumanne kabla yake nikaandika barua kwa mkono, nikaipiga picha, nikaituma kwa binti yangu peke yake. Naiweka hapa kama ilivyokuwa.

Mwanangu,

Kijana wako ameniomba maneno ya kusomewa wanachama. Haya hapa. Nimeyaandika kwa Kiswahili kwa makusudi, kwa sababu katika ukumbi ule ni wewe peke yako utakayeweza kuyasoma, na sitaki mtu mwingine ayapunguze wala ayapambe. Utakayoyafasiri na utakayoyaruka ni juu yako. Sitakuuliza, na yeyote akiniuliza nitamwambia ulisoma vizuri.

Kwa wanachama:

Mimi ni mama yake. Ni mtaalamu wa lishe hospitalini, Riyadh. Sijawahi kulipwa kwa kusafisha nyumba ya mtu. Wako wanawake wengi wa kwetu wanaoifanya kazi hiyo hapa, na mmoja wao ni rafiki yangu, ambaye anapika vizuri kunishinda. Ana binti yake shuleni. Kisa mlichosoma ni cha wawili hao, na siku binti huyo atakapokihitaji, nataka akikute.

Ada ya shule ya binti yangu ilitoka kwenye nyumba aliyoniachia baba yangu, ambaye alijenga kwenye kiwanja alichoachiwa na shangazi yake. Niliiuza. Hatukutoka chini kabisa. Tulikuwa tumekwisha kupandishwa na wengine tusiowajua vizuri. Binti yangu hakuwaambia hivyo kwa sababu mlimtazama kwa wema mlipodhani vingine, na mtu aliyekaa miaka mingi bila kutazamwa hivyo ni vigumu kuurudisha wema.

Mkiwapima watu kwa jinsi mama zao walivyokuwa chini, mtapata wanaojua kusimulia. Mpimeni huyu kwa jambo hili. Majira haya ya baridi alinipigia simu akiwa ngazini, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa imeharibika, amembebea mzee mmoja mfuko wa viazi. Aliniambia nisubiri. Nilisubiri ghorofa tatu, nikisikia akihema na mzee akimlalamikia habari za bomba. Hakumkatiza. Halafu alisahau kwamba nipo kwenye simu, nikamsikia akimwuliza namba ya nyumba ili aandikishe habari za bomba, akaondoka. Nilikata mwenyewe. Sikukasirika. Nilijua kwamba amepata kazi yake.

Hayo ndiyo yangu kwao. Haya ni yako.

Sikukutuma Uingereza ili uwe juu ya mtu. Niliogopa tu kwamba ningekufa kama baba yako na wewe ubaki huna pa kusimama. Nikakupa pa kusimama pasipo mimi. Sikujua kwamba kukupa pa kusimama na kukuacha peke yako vingekuwa kitu kimoja.

Ukisoma yote na wakakukataa, utakuwa umepoteza mengi, nami siwezi kukuambia ni madogo. Ukisoma kidogo na wakakuchagua, fanya kazi hiyo vizuri, na mimi nitaendelea kuwa yule waliyemtaka, huku Riyadh, bila kuwaharibia. Lakini usimtume tena kijana wako kuniomba picha.

Nipigie mkutano ukiisha, hata ikiwa ni kunigombeza.

Mama yako